Babu Niliyempa Baiskeli

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hilo mapema ili msije mkangoja safari. Cherehani yangu iko sebuleni, chini ya dirisha linalotazama njia ya kupandia msikitini hapa Kibuli, kilima kimoja cha Kampala, na wateja wangu wa kanzu wamezoea: wanakuja wenyewe kupimwa, wanarudi wenyewe kuchukua, na wakinialika harusini nawaombea dua nikiwa nimekaa. Boda nimepanda mara chache mno, kiasi kwamba kila safari naweza kuisimulia peke yake. Elimu yangu ni ya sekondari, senia foo, yaani kidato cha nne, na historia nilifaulu vizuri kwa sababu mwalimu alitusomea daftari lake mwaka mzima, nasi siku ya mtihani tukamrudishia daftari lake.

Mtu wa namna hiyo hatarajiwi kuwamo kwenye nyaraka za historia. Lakini nimo, na si kwa wema, na aliyenikuta humo ni mtoto wa dada yangu.

Binti huyo anakaa nasi, mimi na mama yangu, tangu aanze chuo. Alikuwa anasomea ualimu wa historia. Mwaka wa mwisho wanatakiwa waandike utafiti, naye, kwa kuipenda nyumba hii kuliko inavyostahili, akachagua habari za wafanyabiashara Waswahili wa vilima vya Kampala na jinsi walivyotajwa katika magazeti ya zamani. Jambo jema. Ila msimamizi wake, daktari wa historia ambaye tutamfikia, alimpa sharti: kila chanzo kitoke kwenye hifadhi ya magazeti au ya picha iliyoko mtandaoni, na kila kimoja kiwe na kiungo, kwa sababu yeye atakibofya. Masimulizi ya watu wa nyumbani hakuyataka. Aliyaita hadithi za sebuleni. Na sura ya pili isipopita kabla ya mwisho wa mwezi, binti angebaki nyuma mwaka mzima huku wenzake wakivaa majoho.

Siku aliyotuletea habari hiyo, mama yangu alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwenye kompyuta, anamenya vitunguu. Mama amevuka miaka themanini. Aliletwa kilimani hapa akiwa bibi harusi, na watu ambao binti alikuwa anawatafuta, yeye aliwapikia, akagombana nao, akawazika. Lakini mama hana kiungo. Huwezi kumbofya.

Basi tukaanza kutafuta, binti kwa elimu na mimi kwa umbea. Mimi nashona, yeye anasoma kwa sauti kile anachokiona, na mimi natoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nilikuwa nikidhani mtandao ni ghala. Kumbe ni duka lenye vioo: bidhaa zote zinaonekana, mlango umefungwa. Hifadhi moja ya ng'ambo ilituonyesha nusu ya kichwa cha habari, Kampala ikiwemo, halafu ikatandaza ukungu juu ya yaliyobaki na kuomba kadi ya benki. Nyingine ilitaka tuchague nchi ya chuo chetu, na orodha yake ya Kiingereza ikaruka kutoka Uturuki mpaka Ukraine, pale Uganda inapopaswa kukaa, kana kwamba hapo katikati hapakai mtu. Gazeti moja la hapa hapa nalo lina hifadhi, tena linajisifu nayo, ila kumbukumbu zake zinaanzia siku simu zilipopata kamera. Kabla ya hapo, kwa mujibu wao, Kampala hapakutokea kitu. Ukiandika Kibuli unapewa nafasi za kazi na matokeo ya mitihani. Palikuwa pia na kurasa za zamani zilizopigwa picha kisha mashine ikazisoma yenyewe. Mashine ile ingekuwa mtoto wa madrasa ingekula fimbo kila siku mpaka Ijumaa. Na maktaba moja kubwa ya Wazungu ilikuwa na picha safi ajabu, unahesabu hadi vishikizo, chini yake imeandikwa: Wenyeji, Kampala. Basi. Walikuwa watu kumi na mbwa mmoja, na kwenye maelezo ya nyuma ya picha aliyeandikwa jina ni mbwa.

Binti alivumilia. Mimi ndiye niliyekuwa nikitukana kwa niaba yake. Kiungo alichokinakili jioni, asubuhi kilikuwa kimekufa, na akimwandikia msimamizi, msimamizi anajibu neno moja: endelea. Nilimwambia hilo ndilo neno dereva wa lori analoambiwa na mtu aliyesimama nyuma ya lori, mpaka ukuta uanguke. Hakucheka. Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili.

Jumamosi moja baada ya adhuhuri nikasikia kiti chake kinasukumwa.

"Mjomba, nimepata. Si kimoja. Vitatu."

Akageuza kompyuta nione. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: wanaume wanane wenye kanzu wamesimama mbele ya duka la mabati, mmoja ameshika baiskeli, na nyuma kabisa mtu amebeba gunia begani. Tovuti moja ya matembezi ya wageni ilikuwa nayo, jarida moja la mtandaoni lilikuwa nayo, na hifadhi moja ya vyombo vya habari, yenye nembo na wahariri, ilikuwa nayo pia. Zote tatu zilisema jambo lile lile. Duka hilo liko Kibuli. Siku hiyo wafanyabiashara Waswahili wa kilima walikuwa wanafungua chama chao. Mwenye baiskeli ndiye mwenye duka, na ndiye mtu wa kwanza kilimani kumiliki baiskeli. Na yule wa nyuma, mwenye gunia, anatukumbusha vibarua wa Makindye, kilima cha jirani, walioibeba biashara ya chumvi mabegani mwao.

Binti alikuwa ameshampelekea msimamizi, na kwa mara ya kwanza msimamizi alikuwa amejibu kwa sentensi nzima. Vibarua wa Makindye walimpendeza sana. Alitaka sehemu hiyo ya chumvi ipanuliwe, iwe ndiyo nguzo ya sura.

Mimi nilikuwa nimejichoma sindano kidoleni. Maneno yale yote yalikuwa yangu.

Niwaeleze. Sisi watu wa asili ya misafara ya pwani tuna ugonjwa mmoja: kila ukoo una babu aliyefika Kampala wa kwanza. Waliofika wa kwanza ni wengi mno. Wa pili hajafika mpaka leo. Ukikaa kwenye hitima utawasikia wazee wanavyowavuta babu zao mbele, kila mmoja anamtanguliza wake siku moja, mpaka unaona mababu wale wangerudi nyuma kidogo tu wangefika kabla ya kilima chenyewe. Sasa, Ramadhani moja miaka miwili nyuma, saa zile za alasiri ambapo tumbo limenyamaza na ulimi umebaki peke yake, nilikuwa kwenye kundi moja la mtandaoni la picha za zamani. Mtu akaiweka picha ile bila maelezo. Bwana mmoja wa Makindye, naye wa kabila letu hili la mababu wa kwanza, akaandika haraka kwamba hilo ni duka la babu yake.

Ningenyamaza ingekuwa sunna. Nikaandika kwamba amekosea, duka liko Kibuli, ni la babu yangu mzaa baba, na huyo mwenye baiskeli ndiye yeye, wa kwanza kilimani kumiliki baiskeli. Nikaongeza chama, kwa sababu duka peke yake lilionekana dogo. Kisha nikamalizia hivi: babu yako pia yumo, ndugu yangu, usihuzunike, ni yule wa nyuma aliyebeba gunia letu la chumvi. Watu wakacheka. Adhana ikaita, nikala tende zangu, nikasahau.

Kumbe maneno hayakusahau kutembea. Wa matembezi ya wageni akayachukua. Jarida likachukua kwake, likayavisha suti. Hifadhi ikachukua kwenye jarida na kuandika chanzo: jarida. Jarida nalo, baadaye, likaona ni heshima kuandika chanzo: hifadhi. Wakawa wanashikiliana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani, kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayeijua njia. Na uchokozi wangu, kejeli ya mfungaji mwenye njaa, ukawa mchango wa vibarua.

Sikusema kitu. Siku mbili nzima nilimsikia binti anapiga chapa habari za chumvi, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nashona na kujiambia kwamba pengine haina neno. Hizo tovuti nilizozitukana mwezi mzima hazikuwa zimemficha mtu ukweli ziliokuwa nao mezani. Mimi nilikuwa nimemficha binti, tena kwa ulimi ule ule niliotumia kuzitukana.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, binti akamsomea bibi yake. Alitaka kumfurahisha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, halafu akasema bila kuinua sauti kwamba baba mkwe wake hakuwa na duka. "Alikuwa na kiti," alisema. "Kiti, na cherehani ya mkono, kwenye baraza ya duka la Mhindi. Mvua ikinyesha ya upepo anabeba vyote viwili anakimbia. Na baiskeli alikuwa anaiogopa kama fahali."

Binti akatabasamu lile tabasamu wanalopewa wazee. "Bibi, lakini imeandikwa."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Sijui alijua kiasi gani. Mama hujua mambo kwa kutuangalia shingo. "Haya," akasema. "Kama imeandikwa."

Akarudia kisamvu alichokuwa anakichambua. Mwanamke aliyemwosha yule babu miguu alipokuwa mgonjwa alikuwa ameambiwa anyamaze na maneno yangu ya Ramadhani, na akanyamaza kwa adabu. Hapo ndipo iliponishinda.

Nilishusha kanzu mbili kutoka kwenye kamba. Moja nilikuwa namshonea bwana harusi wa Kawempe. Ya pili mteja aliitoa Mombasa, aliniletea niipunguze kiuno. Nikazitandaza kwenye meza, nikamwambia binti aikuze ile picha mpaka vifua vijae kioo.

Kanzu ya Kampala inajulikana kwa darizi yake. Inazunguka shingo na kuteremka kifuani, nyekundu iliyoiva, nene, na hata picha isiyo na rangi ingeionyesha kama mstari mweusi. Ya pwani hudariziwa kwa uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, ukiwa mbali huoni kitu. Binti alitazama kioo, akatazama meza, akarudi kwenye kioo. Vifua vinane, vyote vyeupe. Nikamwambia mtu mmoja angeweza kuvaa ya ugenini, pengine wawili, wanane hawawezi. Watu wale hawakuvalishwa hapa. Picha ni ya pwani, au ng'ambo ya pwani, na chini ya mabati yale hapakuwahi kupita mtu wa Kibuli.

"Sasa hayo maneno yametoka wapi?"

"Kwangu. Niliyaandika hapo ulipokaa, nikisubiri futari."

Alipitisha kidole kifuani mwa ile kanzu ya Mombasa. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiomba asilione.

"Ulipoandika, vifua uliviona?"

"Niliviona."

Mshonaji huona kifua kabla ya uso. Niliona, nikajua, nikaandika. Hakupiga kelele. Aliifunga kompyuta polepole, akasema kurasa zote za chumvi zinatoka, na kwamba hatakwenda kulieleza hilo peke yake. "Utakuja chuoni, Mjomba. Utavaa viatu."

Nilijaribu kutaja mguu unaouma. Mama, kutoka jikoni, akauliza mguu gani.

Basi siku tatu kabla ya mwezi kwisha nilipanda boda, macho nimeyafumba, mfuko wa kanzu kifuani, binti kwenye boda ya mbele anageuka kuhakikisha sijashuka. Ofisi ya msimamizi ilikuwa na vitabu vingi vilivyopangwa kwa urefu, jambo ambalo mimi mwenyewe hulifanya kwa vibweta vya nyuzi. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Nayaleta kwa Kiswahili ili yapate heshima kidogo.

Binti alieleza vizuri na kwa ufupi. Daktari akasikiliza, kisha akasema anaelewa, lakini je, kuna kiungo kinachothibitisha kwamba maelezo ya hifadhi si ya kweli? Nikamwambia kiungo ni mimi, niliyeandika. Akasema kwa upole, upole ule wa kumwambia mtu benki imefungwa, kwamba watu wengi hudai mambo, na kwamba hifadhi ina wahariri. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

Nawaambia, nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha. Kalamu ile ilipolala mezani nikaghairi. Mtu aliyelikataa neno la mama yangu kwa sababu halibofyeki alikuwa sasa anaulinda utani wangu dhidi yangu mimi mwenyewe.

Nikaitoa kanzu ya bwana harusi, nikaiweka juu ya karatasi zake.

"Daktari, siku ya kwanjula, ulipokwenda kwa wakwe, ulivaa nini?"

Kwa asiyejua: kwanjula ni siku mchumba anapokwenda kutambulishwa nyumbani kwa kina binti, na katika mji huu, uwe wa msikiti au wa kanisa, huingii bila kanzu. Daktari akasema, kanzu, bila shaka, kwani kuna nini.

"Na kifuani ilikuwa na nini?"

Akaitazama kanzu iliyokuwa juu ya karatasi zake. Kisha akaivuta kompyuta ya binti karibu, akainama, na nikamwona anavipitia vifua vinane kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Alimaliza. Akaanza tena kutoka kushoto.

"Na gunia la chumvi?" akauliza hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeaga.

"La kumchokoza jirani tu, Daktari."

Hakushukuru, na hakuomba radhi. Alimwambia binti aondoe sehemu yote ile, akampa siku kumi zaidi, na kwa kuwa sura sasa ilikuwa imebaki mifupa, akaruhusu masimulizi ya bibi yatumike, yasizidi kurasa mbili. Yaani miaka themanini na zaidi ya mwanamke, kurasa mbili. Chumvi ya uongo ilikuwa imepewa kumi na moja. Tulipofika mlangoni akaniita pembeni akaniuliza, kwa Kiswahili, tena si kibaya, kama huwa nashona kanzu kwa oda. Nikamwambia nimejaa mpaka baada ya Idi.

Siku kumi zile mama alizungumza na binti aliandika. Mimi nilipewa kazi ya kusafisha nilipochafua. Niliiandikia hifadhi, nikaeleza kila kitu bila kujihurumia. Wakanijibu kwa adabu wakiniomba chanzo. Nikarudi kwenye lile kundi la picha, nikakiri mbele ya watu wote kwamba niliongopa. Wa kwanza kunishambulia alikuwa yule bwana wa Makindye. Aliweka viungo vyote vitatu. Akasema mchango wa babu yake katika biashara ya chumvi umethibitishwa na vyombo vya habari, na kwamba sisi wa Kibuli tumezoea wivu. Nasikia picha ameitia fremu. Mtu niliyembebesha gunia babu yake ndiye sasa analilinda gunia, na mimi niliyelitengeneza sina ushahidi kwamba halikuwamo.

Binti alipita. Hakupita kwa kishindo. Msimamizi aliandika pembeni kwamba vyanzo ni vichache na vingine havibofyeki. Lakini joho alilivaa pamoja na wenzake, na mimi nilikwenda, kwa miguu yangu, na viatu. Lilikuwa limeshonwa vibaya mabegani, nikanyamaza, na mtajua wenyewe huko kunyamaza kulinigharimu nini.

Nakala moja ya utafiti iko hapa sebuleni, juu ya kabati la mama. Kiti kimo, baraza ya Mhindi imo, mvua ya upepo imo. Mwisho kabisa kuna orodha ya watu waliohojiwa, na ni wawili tu. Wa kwanza ni bibi, mkaazi wa Kibuli tangu alipoolewa. Wa pili ni mimi, na mama, ambaye macho yake yamechoka, amenitaka nimsomee mstari huo mara kadhaa, hasa wageni wakiwapo. Umeandikwa hivi: Mjomba, mshona kanzu, Kibuli. Aaminiwe kwa habari za kanzu tu.